Shangazi Aliyefia Redioni

Naandika haya kwenye kaunta buku ya Historia, kurasa za nyuma, kwa sababu huko mwalimu hafiki. Bweni zima limeenda ziwani kufua. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nataka kuandika habari za shangazi nikiwa peke yangu, maana nimegundua kwamba kila nikizikumbuka kichwani najipunguzia kosa kidogo, na nikiendelea hivyo mwisho nitakuwa sina kosa kabisa.

Shangazi ni mdogo wake baba. Kabla mimi sijaanza shule alikuwa Dar es Salaam akionyesha mavazi. Kiwanda kimoja cha nguo kilimpiga picha amevaa kitenge, mkono kiunoni, wakaitia kwenye kalenda. Bibi aliitundika kalenda hiyo sebuleni, kule kijijini kwetu karibu na Kibara, na mwaka ulipokwisha hakuitoa. Miezi tuliichana mmoja mmoja tukawashia moto, ikabaki picha. Wageni walikuwa wakiuliza, "Huyu ni nani?" Bibi anasema ni mwanangu. "Mbona hana viatu?" Maana kweli kwenye picha yuko peku. Bibi anajibu, "Yeye kazi yake ilikuwa nguo. Viatu ni vya mtu mwingine."

Halafu wakaja wasichana wapya, wembamba zaidi, shangazi akaacha mavazi akaingia kuigiza, jukwaani na kwenye michezo ya redio. Na Jumamosi aliimba hotelini. Nyimbo zake ziliitwa jazi, ila si jazi ya bendi tunayoijua huku, ya magitaa na watu kutoka jasho. Zilikuwa nyimbo za Wamarekani wa zamani, za polepole, piano moja na mtu mmoja anayeimba kama anamwambia mwenzake jambo sikioni. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba ana sauti nzito kuliko wanawake wa kwetu, na kwamba redio ya bibi ndiye aliyeileta.

Mama yangu alifariki sijajua kutembea. Baba ni karani kwenye duka la ushirika Butiama, kwa hiyo nililelewa na bibi. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo tunafulia majani ya mpapai. Betri nazo hazikuwepo. Zile mbili tulizokuwa nazo tulizianika juani kwenye jiwe tangu asubuhi, zikipata joto zinaongea kidogo. Tulizitunzia Jumapili mchana tu, kwa ajili ya mchezo wa shangazi. Kiswahili cha bibi ni cha kusalimia na kununua chumvi, hivyo mimi ndiye nilikuwa nakaa na redio, yeye anaendelea na kazi zake, halafu namweleza. Nilikuwa darasa la tatu. Kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote, kwa sababu sikulazimika kuongea na watu. Nilisikiliza, kisha nikamwambia mtu mmoja.

Jumapili moja shangazi aliigiza mwanamke anayeumwa mji wa mbali. Yuko hospitali, hana wa kumletea uji. Anakohoa, anazungumza na nesi. Mara akaacha Kiswahili, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani: Mama, nafia ugenini, usikubali wanizike huku. Pakasikika kilio. Betri zikaisha.

Bibi alikuwa mlangoni na kisu cha samaki. Maneno yale hakuhitaji nimweleze.

"Ni nini hicho?"

"Shangazi amekufa," nikasema.

Nilimaanisha mchezoni. Hivi ndivyo nilivyomwambia kila mtu baadaye, na ni kweli kwa ile dakika moja. Bibi akakaa chini palepale juu ya magamba ya samaki, akapiga ukunga. Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika. Nilijua ni mchezo. Nilijua tangu mwanzo, na nilipomwona amekaa chini nilijua pia kwamba hajui. Nilitaka kusema. Nikafungua mdomo, wakawa wameingia wanawake wawili kutoka shambani, nikaufunga. Nikajiambia nitasema wakitulia. Wakawa sita. Baada ya hapo uwanja ulijaa, na mimi hata kujibu salamu mbele ya watu watatu naangaliaga miguu yangu. Ningesimamaje niwaambie watu wote wale nyamazeni?

Walilia siku tatu. Bibi alinyolewa. Katekista akaja akaomba. Watu walileta udaga wa muhogo na dagaa, wakalala uwanjani. Siku ya tatu baba akashuka kwenye lori la pamba, amepelekewa habari Butiama, na badala ya kuja moja kwa moja alipitia posta Musoma akapiga simu Dar. Akasimama katikati ya uwanja na vumbi lake.

"Nimeongea naye jana," akasema. "Anauliza mnamlilia nani."

Mama mmoja jirani akajifunga khanga yake vizuri akasema, "Basi turudishiwe machozi yetu." Watu wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Wakalaumu betri, wakalaumu redio, wakasema mtoto ni mtoto, hakuelewa. Katekista akanipapasa kichwa. Nikanyamaza tena, na mara hii hakukuwa na sababu yoyote.

Bibi peke yake hakucheka.

"Ameshaliliwa," akasema.

Kwa wazee wa kwetu mtu akililiwa msiba kisha akarudi hai, hapiti mlango wa mbele. Ule mlango umeshamtoa. Anatobolewa ukuta upande wa nyuma, ananyolewa nywele zote, anaingia kwa magoti, anapewa maziwa kama mtoto aliyezaliwa leo. Akipita mlangoni hivihivi anauingiza msiba ndani, na msiba ukishaingia hautoki bure. Unamtafuta yule aliyelia zaidi. Katekista alisema hayo ni mambo ya kizamani. Bibi akamwambia, "Sawa baba, siku akija utatangulia wewe kuingia." Katekista hakulizungumzia tena.

Shangazi aliandikiwa barua. Akajibu kwa kucheka, akatuma kipande cha khanga. Kuja hakuja. Mwaka huu mafuta hakuna, mwaka ule mabasi hakuna, halafu ana kazi, halafu mimi nikafaulu nikaja sekondari hapa Musoma. Miaka ikapita sita.

Mwaka jana mambo yakawa yamelegea. Maduka yakajaa. Sokoni Bunda mitumba imepangwa chini kama vilima, na betri zimejengwa mnara juu ya meza, mtu anauza na hata hazitazami. Nilisimama mbele ya ule mnara nikiwa natoka shule kwenda likizo, mpaka mwenye meza akaniuliza kama nina shida.

Likizo hiyo ndiyo aliyokuja shangazi. Kulikuwa na hoteli ya watalii inafunguliwa upande wa Serengeti, mbele ya Bunda, mwenye hoteli anatafuta mtu wa kuwaimbia wageni jioni. Alikuwa ameona picha ya shangazi. Alimtaka Jumamosi. Shangazi akaandika kwamba atapita nyumbani Jumatatu akae siku nne, maana ni miaka mingi hajalala kwa mama yake.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani na begi dogo. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa mnene kuliko kalenda, na amechoka, lakini nywele zake sijawahi kuona nywele kama zile kwa mtu wa kwetu. Zimenyooshwa kwa chuma cha moto, zinalala mabegani, zinameta. Bibi alimpokea uwanjani, akamshika mikono yote miwili, akamtazama sana. Akamletea kigoda. Tulipomaliza kusalimiana shangazi akanyanyua begi akaelekea mlangoni. Bibi akatangulia, akasimama kwenye mlango.

"Sio hapo."

"Mama, nimechoka. Niache niingie niweke begi."

"Begi litaingia. Wewe bado."

Shangazi alicheka, akadhani ni utani. Bibi akamweleza taratibu, ukuta, kunyolewa, maziwa. Mimi nilikuwa nimesimama na maji ya kunawa.

"Mama, mimi sikufa. Ilikuwa kazi."

"Najua hukufa. Lakini nilikulilia."

"Nitapita nyuma, basi. Nitapiga na magoti. Ila nywele siwezi. Wamenichukua kwa picha, na picha ina nywele."

"Basi picha ikaimbe."

Bibi hakusema kwa hasira. Alichukua begi akaliingiza ndani, akalilaza kitandani kwake, kisha akatoka akatukatia samaki.

Kwa hiyo shangazi alilala jiko la nje, na mimi nikahamia naye. Siku nne. Nasema ukweli, zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi, na ndilo jambo linalonisumbua, kwa sababu zilikuwa nzuri kwangu kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuingia. Angeingia angekuwa wa bibi na wa majirani. Jikoni alikuwa wangu. Alinifundisha kupumua kwa tumbo. Tukiparua magamba ya furu anaimba kwa sauti ya chini, Kiingereza chake kinateleza kama hakina mifupa, halafu ghafla anasimama anasema, "Huo mstari huwa naukosea, nisikilize tena." Hakuniuliza kwa nini sisemi. Watu wote huniuliza.

Majirani walikuja kumtazama. Walisimama mbali kidogo, wakampa mikono kwa ncha za vidole. Yule mama aliyetaka machozi yake akamwambia, "Marehemu, umenenepa."

"Huko ahera chakula kipo, mama," shangazi akasema. Wote wakacheka, yeye akacheka zaidi yao. Walipoondoka aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu aliyesahau taa inawaka.

"Dar wananijua sauti," aliniambia. "Wakiniona hawanijui. Huku wananijua uso wa ukutani, nikisema neno wanarudi nyuma." Akaangalia nyumba. Kutoka jikoni mlango wa bibi unaonekana wazi, hatua kumi na tano, nilizihesabu. "Mimi nataka kulala kitanda kile siku moja tu. Nimekuwa nalala kwenye vyumba vya hoteli tangu nikiwa na miaka ishirini. Bado kinanuka moshi na mafuta ya ng'ombe?"

"Bado."

Jumatano aliuliza. Tulikuwa tunaosha masufuria kwa majivu.

"Hivi ile siku, nani alisikiliza redio?"

"Mimi."

"Ukaelewa vibaya."

Ningesema ndiyo. Alikuwa ameshanipa jibu, nilitakiwa kulipokea tu. Nikasema, "Nilielewa. Nilijua ni mchezo. Sikusema."

Aliacha sufuria. Nilisubiri anipige au anyanyuke aende. Alinitazama muda mrefu, na nikaona anatazama kitu kingine, chumba cha kurekodia kule redioni labda, yeye na karatasi mkononi.

"Nilikufa vizuri?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Mwongozaji alinigombeza. Yale maneno ya kwetu hayakuwa kwenye karatasi. Yalinitoka." Akachota majivu tena. "Siku hiyo nilikuwa nimekaa wiki mbili bila mtu kuniita jina. Nikaona nimuite mama, hata kama hasikii." Akasugua. "Kumbe alisikia."

Baadaye akasema, "Usiende kumwambia kwa ajili yangu. Haitabadilisha kitu. Mwambie kama wewe unataka."

Alhamisi baba akaja kutoka Butiama na mtaimbo, bibi alikuwa amemwita. Alizunguka nyuma ya nyumba akaugonga ukuta wa udongo, akanung'unika. "Watu wote wanajenga siku hizi, mimi peke yangu ndio nabomoa." Akatoboa tundu la kumtosha mtu mzima kwa magoti. Vumbi lilipotulia akajifuta uso, akamwambia shangazi, "Mdogo wangu, nywele zinaota."

"Zinaota kwa miezi, kaka. Wao wananitaka Jumamosi."

"Vaa wigi. Bunda yamejaa."

"Ya mitumba? Yana chawa wa Ulaya."

Baba alicheka, lakini shangazi hakuwa anacheka. Aliinama akachungulia ndani kupitia lile tundu. Kutoka pale kitanda cha bibi kinaonekana, na begi lake juu yake. Akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Na si nywele tu. Nikinyolewa nitakuwa nimekubali kwamba nilikufa kweli. Nikiamka asubuhi nitajiuliza sasa huyu aliyebaki ni nani."

Baba aliegemeza mtaimbo ukutani akaenda kunywa maji.

Mchana huo nilikwenda kwa bibi. Alikuwa anapepeta udaga uwanjani. Nilikaa chini ili nisione uso wake.

"Bibi, ile siku ya redio nilijua ni mchezo."

Aliendelea kupepeta.

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo anavyoniitaga akiwa hana ugomvi, "hilo nalijua. Watu wote walilia. Wewe hukulia."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, jioni. Nilikuona umekaa karibu na redio unaikunjia waya wa antena."

"Sasa mbona hukusema?"

Bibi alipuliza makapi. "Nilikuwa nimeshaanza kulia. Mtu anaachaje katikati? Nilikuwa na miaka mingi sijamwona. Niliona basi, acha nimlilie kabisa, niweke moyo chini."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimebeba kosa langu miaka sita kama ndoo kichwani, nikiogopa lisimwagike, kumbe upande wa pili alikuwa amelishika na yeye. Nikamwambia aninyoe mimi badala ya shangazi, kwa kuwa ndiye niliyeleta maneno.

"Wewe nywele huna. Shule imeshazichukua."

Nikamwambia basi amwache apite tu. Bibi akaweka ungo chini. "Machozi yale hayakuwa mchezo," akasema. "Yeye alikuwa anacheza. Mimi sikuwa nacheza." Na akarudia kazi yake, na nikajua habari imeisha.

Ijumaa asubuhi lori lilikuwa linapita Kibara kwenda Bunda. Bibi aliingia ndani akatoa begi kwa mlango wa mbele, akampa baba. Yeye mwenyewe akabaki ndani. Shangazi alisimama uwanjani muda kidogo. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba, mimi nikamfuata.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni upande wa ndani, na kibuyu. Aliyasukuma maziwa kupitia tunduni. Shangazi akapiga magoti nje, kwenye udongo uliobomolewa, na gauni lake la safari. Akanywa yote. Akarudisha kibuyu, na mkono wake ulipokwisha kuingia hakuutoa. Bibi aliushika. Sikuona nyuso zao, wala wao hawakuonana, ukuta ulikuwa katikati. Niliona mkono wa shangazi tu, unaishia begani.

Akaanza kuimba. Moja ya zile za polepole. Bila piano wimbo ule ulikuwa na mapengo, na kwenye mapengo nikasikia kuku, na baba akikohoa upande wa mbele. Aliuimba mpaka mwisho, na ule mstari wake hakuukosea. Kisha akatoa mkono, akajikung'uta magoti, akaninong'oneza, "Soma," akaondoka. Nilimwona anapanda lori na nywele zake zote.

Bibi akaniita kutoka ndani. Nilipita mlangoni, maana mimi sijaliliwa na mtu. Alikuwa bado amekaa pale sakafuni.

"Ule wimbo ulisema nini?"

Kiingereza changu kilikuwa cha Fomu Mbili, lakini ule nilikuwa nimeusikia siku nne mfululizo. Nilijua anataka nini. Alitaka nimwambie kwamba umesema nitarudi. Ilikuwa rahisi, neno moja tu, na hakuna ambaye angejua, shangazi ameshapanda lori. Tulikuwa tena mimi na bibi na sauti iliyonyamaza.

"Ni mwanamke yuko dirishani," nikasema. "Mvua inanyesha. Anatazama watu wanaopita na hakuna anayemjua."

"Anarudi kwao?"

"Haisemi, bibi. Inaishia hapohapo dirishani."

"Hiyo ndiyo yenyewe? Hujapunguza?"

"Sijapunguza."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Nilikaa naye mpaka sauti ya lori ikaisha. Kisha akanyanyuka kwa kujishika ukuta, akatafuta gunia la pamba, akalitundika kwenye tundu kufunika. Baba alikuwa ameshakoroga udongo wa kuziba, akaingia na karai. Bibi akamwambia aumwage.

Gunia lile lipo mpaka leo. Likizo nalala chumba hicho, na upepo wa ziwa unalivuta ndani na nje. Shangazi ameandika mara moja. Anasema wageni wanapiga makofi kwa adabu, na chakula anakula jikoni na wapishi, wanamwita madamu. Anauliza kama ukuta umezibwa. Barua hiyo sijaijibu bado. Nimeandika haya yote kwanza.